Helikopta Haikuomba Mabawa

Vijana wangu, juzi mmoja wenu alikuja kunisalimia. Shikamoo yake ilikuwa safi, nikaitika marahaba kwa moyo mmoja, nikamkaribisha kiti na karanga. Halafu akaniharibia siku. Alisema amesikia kwamba ile helikopta ya kunyunyizia nzige, iliyoanguka Mollo wakati wa Mwingereza, ilianguka kwa sababu kuna fundi hakukaza nati. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake anamenya karanga. Nilimjibu maneno makali na mpaka leo siombi radhi. Ila nimeona afadhali niandike, maana uongo huu umeshaanza kurithiwa na watu ambao hata spana hawajashika.

Naitwa Desideri. Kwa miaka minne nilikuwa msaidizi wa fundi katika kampuni ya ndege iliyokodishwa kupiga dawa nzige wekundu wa bonde la Rukwa. Jina la kampuni siandiki, lilishakufa, liendelee kufa. Hilo neno msaidizi lilikuwa la kwenye karatasi tu. Injini niliifungua mimi, niliiosha mimi, niliifunga mimi. Nikishamaliza, alikuja Mzungu mwenye ruhusa ya kusaini, akatupa jicho huku kikombe cha chai kiko mkononi, kisha akaandika jina lake katika kitabu cha ndege. Jina langu halikuandikwa hata pembeni. Na si kwamba nilitaka sifa. Kazi zako zikishasainiwa kwa jina lako mwenyewe, uliruhusiwa kwenda kufanya mtihani wa fundi kamili. Bila saini hizo ungebaki msaidizi mpaka meno yakutoke. Mimi nilikuwa naililia saini ile kama mtoto anavyolilia titi, na wenye kampuni walijua.

Ufundi wenyewe sikufundishwa na kampuni. Nilifundishwa na Fundi Salum pale Sumbawanga mjini, aliyekuwa akitunza malori ya ukoo wao, wafanyabiashara wa maduka na usafirishaji. Siku yangu ya pili kwake nilikaza bolti ya gurudumu kwa nguvu zangu zote, nikitaka anione nina kifua. Ikakatika. Hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa ile bolti iliyokatika, akaniambia niiweke mfukoni mwezi mzima.

"Ukitaka kuonyesha nguvu nenda kalime," aliniambia. "Hapa tunakaza mpaka inatosha, halafu tunaacha."

Yeye ndiye aliyenizoesha mstari wa rangi. Ukishakaza nati, unachukua rangi nyekundu na unyoya wa kuku, unachora mstari mmoja unaopita juu ya nati na kuingia kwenye bolti. Nati ikijilegeza hata kidogo, mstari unapishana, unauona ukiwa umesimama mbali. Nilihamia kwenye ndege na unyoya wangu wa kuku. Wazungu walinicheka wiki ya kwanza, wiki ya tatu wakaanza kuniomba rangi.

Sasa sikilizeni habari ya mabawa, na msinikatize.

Ndege ya kawaida hubebwa na mabawa, lakini lazima ikimbie ili hewa ipite juu na chini ya mabawa hayo. Helikopta haina haja ya kukimbia. Pangaboi lake la juu ndilo bawa lake. Linazunguka, linasukuma hewa chini, mashine inapanda ikiwa imesimama pale pale. Shida yake ni mbio. Ikikimbia sana, panga linalokwenda mbele linakutana na upepo mwingi, na lile linalorudi nyuma linakutana na upepo kidogo. Panga hilo linalorudi linafika mahali linashindwa kubeba, na mashine inatetemeka mpaka unahisi figo zinabadilishana nafasi.

Injinia wetu tulimwita Bwana Hesabu, kwa sababu kila kitu kwake kilikuwa penseli na karatasi. Yeye ndiye aliyebuni kuipa helikopta mabawa mawili mafupi, moja kila ubavu, chini ya pangaboi. Mashine ikikimbia, mabawa yangebeba sehemu ya uzito na pangaboi lingepumzika. Na mabomba ya kunyunyizia dawa yangepata mahali pazuri pa kufungwa. Wazo halikuwa la kijinga hata kidogo. Mimi mwenyewe nililipenda, na niliyafunga mabawa yale kule kambini bondeni huku napiga mluzi.

Na bondeni yalifanya kazi kweli. Kule chini ardhi ni tambarare, hewa ni nzito, na rubani alikuwa na nafasi ya kuisereresha mashine mbele juu ya nyasi fupi mpaka ipate mwendo. Ikishapata mwendo, mabawa yakashika. Mtetemo ukapungua, dawa ikatandazwa vizuri. Rubani, tuliyemwita Kapteni tu, kijana mwembamba asiyependa kelele, alishuka siku ya kwanza akaniambia, "Desideri, leo kama nimepanda gari jipya." Ilibidi kwanza tuyainue kidogo mbele yalipofungwa, maana helikopta ikienda mbio huinamisha pua, na bawa likiinama nayo halibebi kitu. Kazi hiyo ya kuinua niliifanya kwa vipande vya bati, na aliyeisaini mnamjua, yule wa kikombe cha chai.

Kapteni huyo huyo ndiye aliyenionyesha ubaya wa kwanza. Tulikuwa tunafuta dawa kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini kwamba injini ikizima angani, uhai wake uko kwenye pangaboi, ambalo huendelea kuzungushwa na hewa inayotoka chini wakati mashine inashuka. "Sasa mabawa yakinibebea uzito, pangaboi linalegea, linapunguza mzunguko. Nikikaribia ardhi nitashika nini?" Nikamuuliza kama amemwambia Bwana Hesabu. Akasema amemwambia, na amejibiwa kwamba injini haitazima.

Ubaya wa pili aliuona mama yangu.

Mwaka huo kundi la nzige lilipanda kutoka bondeni likaja juu uwandani, likaelekea Mollo, kwetu. Tukahamishiwa Sumbawanga na helikopta zetu mbili, moja ikiwa na mabawa imetangulia kazi, na ya pili ikiwa imeshafungwa mabawa inasubiri rubani. Kabla ya hapo, mashine ikiwa bado haina mabawa, Kapteni alishawahi kuja Mollo kutazama njia ya nzige, akafanya kosa ambalo hata leo wazee wanalicheka. Akiwa juu alitafuta mahali pa kutua. Kila shamba limejaa intumba, yale matuta ya duara tunayofukia majani yaoze. Katikati akaona kiwanja kimoja safi, kimefagiwa, kimesilibwa udongo kikawa laini kama sakafu. Akashukuru Mungu, akatua. Kilikuwa kiwanja cha kupuria ulezi, na ulezi ulikuwamo. Ulezi wa nyumba nne ulipaa kwa pamoja, makapi na punje, ukaenda kutua kwenye nywele za watu na kwenye pua za mbuzi. Wanawake wa Mollo walimzunguka na fimbo za kupuria. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na nawaapia, Kifipa chote kile sikukitafsiri.

Basi tuliporudi tukiwa na mabawa, walishamzoea, wakamwekea kiwanja hicho hicho, kikiwa na makapi tu. Kapteni akasimamisha mashine hewani kidogo, chini chini, akatua. Vumbi lilipotulia mama alinyoosha kidole.

"We Desi, mbona hapa na hapa hapakupepetwa?"

Nikatazama. Uwanja wote ulikuwa mweupe, makapi yamekimbia mpaka kwenye intumba. Ila chini ya kila bawa yalibaki makapi yamejilundika, upande huu na upande ule.

"Safari ile lilipeperusha hata jiwe la kusagia," mama aliendelea. "Leo upepo wake umekwenda wapi?"

Mimi niliyekuwa na miaka minne kwenye ndege sikuwahi kuuliza swali hilo. Upepo wake ulikuwa umekwenda kwenye mabawa! Pangaboi linasukuma hewa chini ili lijiinue, halafu sisi tumeitandikia hewa hiyo vibao viwili chini yake. Hewa inagonga bawa, inalisukuma chini. Injini inavuta mashine juu na injini hiyo hiyo inaikandamiza mashine chini. Ikiwa mbioni, hewa inapita na mabawa yanasaidia. Ikiwa imesimama hewani, mabawa ni mzigo mara mbili: uzito wa bawa lenyewe, na uzito wa upepo juu yake. Bondeni tulikuwa hatuoni kwa sababu hewa ya kule ni nzito na tulikuwa tunaondoka kwa kuserereka. Huku juu uwandani hewa ni nyepesi, pangaboi linahangaika hata bila mabawa, na katikati ya intumba unasererekea wapi?

Sikutaka kwenda kwa Bwana Hesabu na maneno ya makapi. Nilikwenda kwa Fundi Salum, nikaazima mizani yao ya kupimia magunia, ile ya kusimama chini. Kapteni akakubali kunisaidia Jumapili baada ya misa. Tukaipakia mashine magunia ya ulezi mpaka isiweze kunyanyuka. Nikafungua mhimili wa bawa moja ili ncha yake iwe huru kucheza juu na chini, nikaiegemeza kwenye gogo fupi lililosimama juu ya mizani. Nikasoma uzito, pangaboi likiwa kimya. Kisha Kapteni akawasha, akavuta nguvu kama mtu anayetaka kupanda. Fundi Salum alikuwa amelala kifudifudi kando ya mizani, kofia yake ameikandamiza kwa mkono, anasogeza jiwe la mizani na kupiga kelele. Uzito ulipita mara mbili ya ule wa kwanza, ukaendelea kupanda. Tulirudia mara tatu. Nikaandika kwenye karatasi, Kapteni naye akaandika.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Hesabu. Alisoma akiwa amesimama.

"Mmepimia nini?"

"Mizani ya magunia, Bwana."

"Mizani ya ulezi." Akacheka, akamgeukia karani wake naye acheke. "Desideri, haya mabawa yanapunguza mzigo wa pangaboi. Nimepiga hesabu."

"Yakikimbia ni kweli, Bwana. Yakisimama yanaongeza. Tuyatoe tukiwa huku juu, tukirudi bondeni tuyafunge. Ni kazi ya asubuhi moja, naifanya mwenyewe."

Mabomba ya dawa yalikuwa yamefungwa kwenye mabawa hayo, na wakubwa wake walikuwa wanakuja kuyatazama wiki ile ile. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule niliona tu ananitazama kama ambaye hajawahi kuniona, kisha anafungua kitabu cha ndege mezani na kunigeuzia.

"Wewe umekuwa fundi sasa. Unapima, unaandika. Nadhani wakati umefika usaini mwenyewe."

Akanipa kalamu yake.

Vijana wangu, hapa ndipo ninapojichukia, wala sitawaficha. Nilisoma alichokiandika. Kiingereza changu kilitosha. Kilisema mabawa yamefungwa sawasawa, na mashine inafaa kwa kazi uwandani ikiwa na mzigo kamili. Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli. Sehemu ya pili ilikuwa uongo, na karatasi ya kuukanusha ilikuwa mezani hapo hapo. Lakini miaka minne! Miaka minne nikitazama jina la mwingine juu ya jasho langu. Mkono ulikwenda wenyewe. Niliandika jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, kwa herufi nzuri walizonifundisha mapadri, na jioni nilimwambia mke wangu kwamba nimesaini. Tulikula kuku.

Siku iliyofuata upepo wa Ufipa, ambao majira yale haukosi, ulikatika kabisa. Mnajua upepo unaokuja usoni huisaidia helikopta kupanda. Haukuwapo hata wa kutikisa jani. Nilikimbia mpaka kwenye kiwanja cha Mollo nikamwambia Kapteni apunguze dawa nusu. Akatazama kitabu, akaona saini yangu.

"Umesaini mzigo kamili, Desideri."

"Nimesaini, ndiyo. Punguza hivyo hivyo."

Alipunguza kidogo, si nusu. Nzige walikuwa wameshafika kwenye mahindi ya watu na kila mtu alikuwa anamtazama yeye. Akapanda. Mashine ilinyanyuka kimo cha mtu, ikatetemeka, ikasogea mbele kutafuta mwendo, na pale ilipotoka juu ya kiwanja, kilichokuwa kinaurudisha upepo wake juu, ikaanza kuzama. Haikulipuka wala hakikupasuka chochote. Ilizama polepole huku injini inalia kwa nguvu zake zote. Ncha ya bawa la kulia ikagusa intumba, mashine ikapinduka, mapanga yakalima shamba la watu.

Tulimtoa Kapteni mimi na mama na wanawake wale wale wa fimbo. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alinishika shati.

"Si nati," alisema. "Waambie. Haikutaka kupanda."

Alipelekwa mbali kutibiwa, kisha kwao, na hakuna aliyemuuliza neno. Maulizo yalifanywa na kampuni yenyewe katika chumba kimoja mjini. Bwana Hesabu alikaa upande wa wanaouliza. Niliwaambia twendeni Mollo mkatazame. Mabawa yote mawili bado yamefungwa, mstari wangu mwekundu umenyooka kwenye kila nati, hakuna hata mmoja uliopishana. Nikawawekea karatasi ya vipimo. Mkubwa wao aliishika kwa ncha za vidole, akauliza kama mizani hiyo imekaguliwa na serikali. Nikasema ndiyo, ndiyo inayowapimia wao wenyewe unga wa kambi. Hawakucheka. Hakuna aliyekwenda Mollo. Waliandika kwamba bawa lililegea kwa uzembe wa fundi aliyesaini, na kwamba mabawa yenyewe hayana kasoro. Mtihani wangu ukafutwa palepale. Nikapewa siku tatu nikabidhi vifaa niondoke.

Hasira yangu haijaisha, msidhani uzee umeipoza. Nimekaza nati za malori ya Fundi Salum miaka mingi baada ya hapo, nimesomesha watoto, nimeheshimiwa. Lakini nikisikia kijana anasema "fundi hakukaza" nainuka kitini hata kama magoti hayataki. Nilikaza! Zote nilikaza! Kosa langu lilikuwa kalamu, na hilo mnaweza kunisema mpaka mchoke, nitanyamaza.

Na siku ya tatu ya zile siku zangu tatu, Bwana Hesabu aliniita kwenye banda. Helikopta ya pili ilikuwa imesimama pale na mabawa yake mapya. Alikuwa hanitazami usoni.

"Kabla hujaondoka, toa hayo mabawa."

"Kwani yana kasoro, Bwana?"

"Toa tu."

Nikayatoa. Kila nati ilikuwa ngumu, kila mstari umenyooka. Ilinichukua asubuhi moja kama nilivyomwambia. Nilipomaliza nikanawa mikono, nikaenda ofisini, nikakuta kitabu cha ndege kiko wazi mezani. Nikachukua kalamu mwenyewe, bila kupewa. Bwana Hesabu akanyoosha mkono akakifunga kile kitabu.

"Hii haihitaji saini," alisema.

Kwa hiyo, vijana, mkienda kutafuta katika makaratasi yao, mtakuta saini yangu moja tu, ya kuyafunga. Ya kuyafungua haipo.